Usiache harusi: panda Kosta pamoja na ndugu wa bibi harusi

*Swali: Shikamoo kaka. Mimi ni mpiga picha wa harusi hapa Makambako. Harusi ndizo zinazonilipia kodi ya fremu, lakini moyo wangu uko kwenye picha za safari: Kitulo, Ziwa Nyasa, Isimila, Ruaha. Wenzangu walioko Dar wananiambia harusi ni kazi ya njaa, na nikitaka kuheshimika kama mpiga picha niiache. Huku nako maharusi wenyewe wameanza kuniomba niwapeleke Kitulo au Matema wakapige picha na shela. Je, niache harusi nifuate safari? Nikiwapeleka huko, nizingatie nini, na nitoze vipi? Halafu, niuze lenzi yangu ndefu ya 70-200 ili ninunue lenzi pana ya mandhari?*

Marahaba, mdogo wangu. Kwa kifupi: harusi usiache, na lenzi usiuze. Kwa urefu itabidi uvumilie kidogo, maana hao wenzako wamekutenganishia vitu viwili ambavyo huku kwetu haviachani.

Wanaosema harusi ni njaa na safari ndiyo sanaa, wengi wao wanazungumzia harusi ya mjini. Kanisani saa nane, bustani ya hoteli saa kumi, ukumbini saa mbili usiku, vyote umbali wa bodaboda. Harusi ya Nyanda za Juu Kusini haiendi hivyo. Binti ni wa Tukuyu, kijana ni wa Mafinga, wamekutana chuoni Mbeya. Sendofu inafanyika kwa kina binti, ndoa inafungwa kwa kina kijana, na katikati kuna karibu kilomita 300 ambazo ukoo mzima wa binti lazima uzisafiri, na mabegi, na zawadi, na mkungu wa ndizi ambao bibi mmoja amekataa katakata kuuacha nyumbani.

Sasa niambie, hizo kilomita 300 anazipiga picha nani? Kwa kawaida, hakuna. Aliyepiga sendofu amefunga begi usiku ule ule. Atakayepiga ndoa anasubiri mlangoni pa kanisa, anaangalia saa. Katikati ya hao wawili kuna Kosta iliyoondoka Tukuyu gizani, shangazi wamevaa vitenge vya sare chini ya makoti, watoto wamelala miguuni, mtu wa kamati amesimama mlangoni anahesabu vichwa mara ya tatu. Inapita migomba na chai ya Rungwe, inapanda kwenye viazi vya Isongole ambako ukungu bado haujanyanyuka, inashuka Uyole, inanyooka kuelekea mashariki kwenye mpunga wa Igurusi na Chimala, inafika kwako Makambako penye upepo usiokoma, kisha inaingia kwenye misonobari ya Sao Hill. Mtalii analipa pesa nyingi aione njia hiyo. Wewe unaweza kulipwa uipite, ukiwa umeketi na watu wanaojua kila kijiji kinaitwaje na nani aliolewa pale.

Ushauri wangu wa kwanza, na kama utachukua mmoja tu basi uwe huu: kwenye mkataba wako wa harusi ongeza siku ya njiani. Iandike wazi, siku ya njiani, pamoja na bei yake. Mwanzoni watashangaa. Onyesha picha za harusi moja uliyoipiga hivyo na maswali yataisha, kwa sababu picha ya mama wa binti akiangalia dirishani wakati gari linapita Igawa, mtoto wake ameshatangulia, haiwezi kutengenezwa kwenye bustani yoyote ya hoteli.

Namna ya kuipiga. Usikae nyuma. Muombe konda kile kiti kilicho karibu na dereva, ugeuke uwaangalie abiria. Barabara kutoka Uyole hadi Makambako inaelekea karibu mashariki kamili, kwa hiyo asubuhi jua linaingia kwa kioo cha mbele na kuwaangukia watu usoni. Ukiwa pale mbele unapata mwanga ambao studio nyingi hazina. Ndani ya gari anza na kasi ya shata ya 1/250 ya sekunde, kwa sababu Kosta zetu zinatikisika hata kwenye lami nzuri. Ukipiga mandhari kupitia dirishani, futa kioo kwa kitambaa kikavu, bana mdomo wa lenzi karibu na kioo bila kukigusa ili mtikisiko usihamie kwenye kamera, nenda 1/1000 au zaidi. Kitu kilicho karibu na barabara kitafutika hata hivyo. Usihangaike nacho, fokasi vilima. Gari likisimama, wewe uwe wa kwanza kushuka. Mambo mengi mazuri ya safari yanatokea wakati dereva amesema "dakika tano tu" na kila mtu anajua ni dakika ishirini.

Huko njiani utagundua kwamba harusi imekupa kitu ambacho wapiga picha wa safari wanakitafuta maisha yao yote: mwenyeji. Mtu anayekwenda peke yake na kamera kubwa Makete au Ileje anaulizwa, na ana haki ya kuulizwa, "hizi picha unapeleka wapi?" Watoto wanamzunguka, wazee wanageuka pembeni, anarudi na milima tupu. Wewe ukifika kama mpiga picha wa harusi ya mjukuu wa fulani, unapewa kigoda na ugali. Bibi ambaye sokoni angeficha uso kwa khanga anakuita mwenyewe jikoni umpige akikoroga chungu. Ukishaanza kwa kumwamkia vizuri, na ikiwezekana kwa lugha ya nyumbani kwake, kamera haimsumbui tena.

Na wewe una kitu ambacho mimi sina. Wewe ni mwanamke. Kwenye kitchen party mimi huishia getini. Nikikaribishwa ni dakika chache za keki, kisha naonyeshwa mlango kwa heshima zote. Wewe unabaki ndani, unaona mama wakubwa wanavyocheka, wanavyolia, mikono inavyofunga khanga. Mengine hayapigwi, na utaambiwa. Ukiambiwa weka kamera chini, uonekane umeiweka chini. Lakini yanayoruhusiwa pekee yanatosha kukutofautisha na wanaume wote wa fani hii kuanzia Songwe hadi Iringa. Hao wa Dar wanaokucheka wangelipa waingie pale.

Tahadhari moja kabla sijasahau. Ruhusa uliyopewa kama mpiga picha wa harusi ni ya harusi. Yule bibi wa jikoni hakukubali kuwa tangazo la loji. Ukitaka kuitumia picha yake nje ya albamu ya familia, rudi umuombe upya, umweleze itakaa wapi, na kama kuna pesa mpe sehemu yake. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na picha ya mtu anayetambulika si ya kuchezea. Ila mimi ningefanya hivyo hata sheria isingekuwepo, kwa sababu harusi ijayo ya ukoo ule nataka wanipigie mimi. Na msafishie picha, umpelekee ya karatasi. Picha iliyotumwa WhatsApp kwa simu ya mjukuu huwa haimfikii mwenyewe.

Nije kwenye mwanga, maana hapa ndipo wengi wanapochemsha kwa kufuata ratiba za mtandaoni zilizoandikwa kwa ajili ya nchi nyingine.

Tanzania nzima inatumia saa moja, lakini jua halisomi saa yetu. Mbeya iko magharibi zaidi ya Dar es Salaam, kwa hiyo jua la Mbeya linazama dakika ishirini na ushee baada ya la Dar. Utosi wa mchana nao unachelewa: jua la Mbeya linakuwa juu kabisa karibu saa saba kasoro robo, si saa sita. Kwako Makambako tofauti ni ya dakika chache tu na Mbeya. Maana yake ni nini kwa mpiga picha? MC au mwenyekiti wa kamati aliyetoka Dar akikuambia "picha za nje tumalize saa kumi na mbili, giza linaingia," mweleze kwa upole kwamba saa kumi na mbili jioni huku ndiyo kwanza mwanga unaanza kuwa mtamu. Kutegemea mwezi, Mbeya jua huzama kati ya saa 12 na nusu hivi na saa 1 na dakika kumi. Ila huku karibu na ikweta jua halitelezi pembeni kama Ulaya, linadondoka wima. Ule mwanga wa dhahabu ni nusu saa nzuri, baada ya hapo giza linafunga haraka. Kwenye ratiba omba nusu saa hiyo kwa jina, wala usikubali itumike kwa msafara wa kuzunguka mjini na matarumbeta. Matarumbeta yanaweza kupigwa gizani.

Jambo la pili. Mara mbili kwa mwaka, katikati ya Oktoba na tena mwishoni mwa Februari, jua la mchana linapita juu ya utosi wetu kabisa. Kivuli unakikanyaga. Macho yanakuwa mashimo, pua inaangusha kivuli mdomoni, na shela jeupe linaungua. Siku hizo mchana usipige usoni nje. Ingia barazani, chini ya mwembe, mlangoni pa kanisa ambapo nje kunaakisi mwanga ndani. Juni na Julai ni habari nyingine. Jua linainamia kaskazini, hata saa saba mchana liko kama nyuzi 58 kutoka upeo wa macho, na ukuta wa kusini wa jengo lolote unakuwa kivulini kutwa nzima. Kwa hiyo ukifika kanisani mwezi wa sita au wa saba, kitu cha kwanza ni kuulizia kusini ni upande gani. Pale ndipo utawapanga ndugu wa pande zote mbili kwa picha ya pamoja, saa yoyote, bila mtu kukunja uso.

Ukungu wengine wanaukimbia. Mimi nikiamka Rungwe nikaukuta, nafurahi. Ni mwanga laini unaokuzunguka pande zote na ngozi nyeusi inapendeza humo kuliko mahali pengine popote. Kamera ndiyo inayodanganyika: inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, picha inakuwa ya kijivu. Ongeza stopu moja, yaani mwanga mara mbili, kwa mkono wako. Flashi iliyo juu ya kamera izime, itamulika matone ya ukungu na kukupa vumbi jeupe mbele ya sura.

Kosa hilo hilo la kamera ndilo linaloharibu picha za bibi harusi kila Jumamosi. Gauni jeupe likijaza fremu, kamera inadhani dunia nzima inang'aa, inatia giza, na uso wa dada wa watu unabaki kama umezimwa. Kisha mpiga picha anaujaza mwanga kwenye kompyuta mpaka ngozi inakuwa ya majivu. Pima mwanga usoni, si kwenye gauni. Piga faili ghafi (RAW). Nyuzi za shela utazirudisha kidogo baadaye, lakini ngozi iliyopigwa gizani hairudi na rangi yake. Na tafadhali, msiwageuze watu weupe kwenye kompyuta. Mama mzazi amemlea binti mwenye rangi ile, anamjua.

Ukumbini sitakaa sana, kazi hiyo unaijua. Nikukumbushe tu ile mistari myeusi inayokatiza picha chini ya taa za mapambo. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde na taa nyingi za bei nafuu hupepesa mara 100 kwa sekunde. Ukipiga kwa 1/320 unaikamata mipepeso katikati. Shuka hadi 1/100, wakicheza taratibu hata 1/50, na mistari itaondoka au itapungua sana.

Sasa hayo maombi ya kwenda Kitulo na Matema.

Kitulo ndiyo wanayoiomba wote, na sababu naielewa. Ni hifadhi ya taifa tangu 2005, uwanda ulioinuka hadi mita 2,600 na zaidi, na maua yakichanua unaelewa kwa nini wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Tatizo ni kalenda. Maua yanachanua kuanzia kama Desemba hadi Aprili, yaani wakati wa mvua. Wakristo wengi wa huku hawafungi ndoa za shamrashamra wakati wa Kwaresima, ambayo inakula Machi karibu yote na vipande vya Februari na Aprili. Harusi nyingi zinaangukia kiangazi, na kiangazi Kitulo ni nyasi za kahawia na umande uliogeuka barafu asubuhi. Ni nzuri pia, mimi binafsi naipenda hivyo, lakini si ile waliyoiona kwenye simu. Waambie kabla hawajalipa. Wanaotaka maua na ndoa kwa pamoja, dirisha lao ni Desemba na Januari. Wengine wote waende siku nyingine, hata miezi baada ya ndoa, gauni si limenunuliwa?

Kwa vyovyote vile, usikubali kwenda Kitulo siku ya ndoa yenyewe. Kutoka kwako unafuata barabara kuu hadi Chimala, unakata kushoto, unazipanda zile kona 57 hadi Matamba, kisha ndiyo unaitafuta hifadhi. Wakati wa mvua udongo unateleza na gari dogo litawasaliti. Lalani Matamba au jirani, muingie asubuhi. Bibi harusi atakuwa mabega wazi kwenye baridi kali na upepo; piga dakika kumi, mfunike blanketi, mpe chai ya chupa, rudia. Picha bora mara nyingi ni ile ya blanketi. Betri za akiba zikae mfuko wa ndani wa koti lako, karibu na mwili, kwa sababu baridi inazinyonya. Jua la huko juu ni kali kuliko linavyohisiwa, mawingu yakifunguka vivuli vinakuwa vigumu mno, kwa hiyo ombea wingu. Na msikanyage maua ili kupiga picha ya maua. Askari wa hifadhi wakiwakemea, wana haki.

Kuhusu vibali: hifadhi zote za taifa, Kitulo na Ruaha zikiwemo, kiingilio ni kitu kimoja na upigaji picha wa kibiashara ni kitu kingine. Waulize TANAPA mapema, pata jibu la maandishi, na gharama yake waionyeshe maharusi kama ilivyo. Droni usiibebe kabisa mpaka uwe na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga na ruhusa ya hifadhi yenyewe.

Matema ni kinyume cha Kitulo kwa kila kitu. Unashuka kutoka baridi ya Isongole hadi ufuko wa Ziwa Nyasa, ambao mwinuko wake haufiki mita 500 juu ya usawa wa bahari, na joto linakupokea mlangoni. Lenzi iliyotoka baridi ikikutana na hewa ile yenye unyevu inajaa jasho ndani ya sekunde. Iache ndani ya begi lililofungwa, isubiri ipate joto taratibu, vinginevyo utakuwa unafuta kioo huku bwana harusi anaulizia kama kamera imekufa. Vipodozi navyo vinayeyuka, kwa hiyo anayepamba aje na poda ya kutosha. Halafu angalia milima ya Livingstone: imesimama kama ukuta upande wa mashariki. Asubuhi inaficha jua na ufuko unabaki kivulini kwa muda, mwanga mpole, mzuri kwa sura. Jioni jua linatoka ng'ambo ya ziwa na kuiwasha milima yote. Mtu akitaka picha moja kubwa ya ukutani, ni hiyo ya jioni, maharusi wadogo, milima mikubwa. Ukiwa huko tembea hadi Lyulilo penye vyungu vya Wakisi, bila maharusi, ukapige zako.

Ziwa Ngosi: hapana, si kwa gauni. Ni mwendo wa msituni, tope, mizizi, na ukifika juu ukungu unaweza kuwa umelifunika ziwa lote. Nenda mwenyewe na kiongozi, asubuhi sana.

Isimila, nje kidogo ya mji wa Iringa, watu wanaidharau kwa sababu wameipitia na shule. Zile nguzo za mchanga ulioshikana, ambazo mvua na upepo vimezichonga, zinaakisi mwanga wa joto upande wa pili wa korongo. Weka watu kivulini, ukuta unaowaka jua ukiwa mbele yao, na hutahitaji kiakisi chochote. Msiziguse wala kuzipanda, zinamong'onyoka. Na ni eneo la kale lenye zana za mawe za binadamu wa zamani sana, kwa hiyo pitia kwa wahifadhi kwanza. Mzee anayetembeza watu pale ana maneno mengi kuliko ratiba yako, msikilize. Mashamba ya chai ya Mufindi nayo yana wenyewe. Omba kwa meneja, si kwa mlinzi, na wachumaji wanaolipwa kwa kilo usiwasimamishe kazi wakupambie picha.

Bei. Kosa la kawaida ni kuiweka safari ndani ya bei ya harusi kama zawadi. Tenganisha. Kazi yako ni mstari mmoja. Usafiri, malazi, chakula, viingilio na vibali ni mstari mwingine, na huo wanaulipa wote kabla hamjaondoka, kwa sababu mafuta hayakopeshwi. Huku kwetu pesa ya harusi ni ya michango na inashikwa na kamati. Mweka hazina anapenda kuona orodha, hapendi namba moja kubwa isiyoelezeka. Mpe orodha. Mvua ikizuia, mkataba useme mtarudi siku gani na nani atalipia mafuta ya mara ya pili. Uandike pia kwamba picha za mandhari zisizo na sura za ndugu ni zako kuzitumia. Ukiwa njiani usilale bila kunakili kadi: nakala moja kwenye kompyuta, nyingine kwenye diski ya nje, na hizo mbili zisisafiri kwenye begi moja. Kadi yenyewe usiifute mpaka albamu ikabidhiwe.

Je, picha za safari pekee zitakulisha? Kwa sasa, kwa huku, kwa shida. Watalii wengi bado wanaishia kaskazini na magazeti yana picha za Serengeti za kutosha karne nzima. Lakini hiyo hiyo ndiyo nafasi yako: loji za karibu na Ruaha, wauza kahawa wa Mbozi, hoteli za Iringa na Mbeya zinazopamba kuta kwa mabango ya milima ya Uswisi (nimeyaona, na nje ya dirisha lao kuna mlima Loleza), wote hao hawana picha za kwao zenye watu ndani. Ukiwa na miaka michache ya siku za njiani utakuwa nazo, na zimeshalipiwa na harusi.

Lenzi, basi. Hiyo 70-200 ndiyo lenzi ya mandhari ya Nyanda za Juu. Lenzi pana inafaa ufukweni na ndani ya chumba kidogo, lakini ukiielekeza Rungwe, mlima wa karibu mita 2,960 unageuka kichuguu. Lenzi ndefu inavuta mikunjo ya vilima, kimoja nyuma ya kingine, ukungu ukiwa katikati, na ndivyo macho yetu yanavyoiona nchi hii tukiwa barabarani. Kanisani inakuwezesha kukaa mbali na madhabahu, mchungaji asikukunjie uso. Ukipata pesa ya ziada nunua lenzi ya milimita 35 ya f/1.8, inayopokea mwanga mwingi, hata ya mtumba, kwa ajili ya ndani ya Kosta na jikoni kwa kina bibi. Ila ya mtumba usiinunue kwa kuangalia picha za tangazo. Ishike, fungua apecha (tundu la mwanga) hadi mwisho, mulika tochi kutokea nyuma. Ukiona nyuzi nyuzi kama utando ndani ya kioo, huo ni uvu, umetokana na unyevu, na unaweza kusambaa hadi kwenye lenzi nyingine ukizihifadhi pamoja. Mrudishie mwenyewe, hata akishusha bei.